Mjane wa askari, rafiki wa marehemu na mafungu 72

Ukitaka kujua jambo hili lilianza lini, usiulize tarehe ya posa. Uliza ni lini yule bwana aliacha kumwita "shemeji" akaanza kumwita kwa jina lake. Mama mkwe alilisikia badiliko hilo wiki ileile, akanyamaza, na ukimya wake ukazaa mengi kuliko maneno yake yangezaa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanamke Mwislamu wa miaka 33, mkazi wa Makorora, Tanga, ana mtoto wa kiume wa miaka 9 na wa kike wa miaka 5. Mumewe alikuwa askari wa JWTZ, akauawa Kivu Kaskazini akiwa kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Marehemu ameacha mama mzazi na mdogo wake wa kiume. Baba alitangulia zamani. Miezi 14 baada ya maziko, askari mwenzake wa kikosi kimoja, aliyeachana na mkewe miaka miwili nyuma, anamtuma mshenga. Familia inapasuka. Mdogo wa marehemu anataka watoto wahamie kwa bibi yao, mama mkwe anaacha kula chakula kinachopikwa na mkwewe, na mjane mwenyewe anaanza kujiuliza kama amekosa.

Watu wa kisa hiki ni wa kupangwa, asitafutwe mtu Makorora. Hali yenyewe inajirudia kila mara majeneza yanaporudi. Tanzania imekuwa na askari mashariki mwa Kongo tangu Azimio 2098 la Baraza la Usalama la mwezi Machi 2013 lilipounda kikosi maalumu cha kuingilia kati, pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Tarehe 7 Desemba 2017, kwenye kambi ya Semuliki, walinda amani 15 wa Kitanzania waliuawa katika shambulio moja. Kila jeneza lina nyumba yake, na katika nyumba nyingi kuna mwanamke ambaye bado kijana.

Jeneza lililofungwa

Mauti ya vitani hayafanani na ya hospitalini, na tofauti hiyo huonekana baadaye, kwenye mapenzi mapya. Aliyemuuguza mumewe ameaga kidogo kidogo. Mjane wa askari ameagwa kwa simu: "Nitakutafuta kesho, mtandao mbaya." Kisha kimya, kisha watu waliovaa sare mlangoni. Mwili huja siku kadhaa baadaye, mara nyingi jeneza limefungwa na familia inashauriwa lisifunguliwe. Uso hakuuona, kwa hiyo moyo unabaki na mlango wa nyuma: labda si yeye, labda walichanganya. Mlango huo unaweza kukaa wazi miaka.

Dawa yake ni ndogo na ya mapema. Mtu mzima mmoja wa upande wa mke, si wa upande wa mume peke yake, aende kushuhudia utambuzi wa mwili kabla haujasafirishwa kwenda nyumbani. Arudi aseme neno moja: "Nimemwona, ni yeye." Maelezo ya majeraha hayahitajiki. Katika kisa hiki waliokwenda walikuwa mdogo wa marehemu na ami yake tu. Mjane akabaki na jeneza, bendera na begi la kijani.

Begi lililetwa na yule rafiki, na lina uzito katika kisa hiki. Yeye ndiye aliyekuwa na jibu la swali lililokuwa likimnyima mjane usingizi: alikufaje? Swali la halali kabisa, lakini linajibiwa mara moja, mchana, mbele ya mtu mzima, kwa maneno machache: alikuwa wapi, ilikuwa saa ngapi, aliteseka au hakuteseka, neno lake la mwisho kama lilikuwapo. Kilichoharibika hapa ni kwamba lilijibiwa vipande vipande, kwenye simu, saa tano usiku, kwa miezi. Kila kipande kilileta machozi, kila machozi yalileta faraja, na faraja ikawa mazoea. Ndiyo maana shemeji aliyeziona simu hizo hakuamini kuwa mwanzo wake ulikuwa msiba tu. Simu zilikuwa za msiba kweli. Saa zilizopigwa hazikuwa za msiba.

Hesabu ya eda

Eda ya kufiwa, muda ambao mjane hungoja kabla ya kuolewa tena, ni miezi minne na siku kumi, kwa miezi ya mwandamo, na huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku habari ilipofika wala siku jeneza liliposhushwa. Kwa mjane wa askari tofauti hiyo inaweza kuwa wiki nzima au zaidi. Tuseme mume amekufa tarehe 9 Rajabu, na mwili umefika tarehe 17. Rajabu ikiandama siku 30, zimebaki 21. Zinafuata Shaabani, Ramadhani na Mfunguo Mosi nzima, kisha siku 9 za Mfunguo Pili kukamilisha mwezi wa kwanza uliovunjika, na siku 10 juu yake. Anatoka eda tarehe 19 Mfunguo Pili. Rajabu ikiandama 29, anatoka tarehe 20. Kwa jumla ni kama siku 128.

Aliye mjamzito hana hesabu hiyo. Eda yake ni mpaka ajifungue, iwe baada ya wiki moja au miezi minane. Kwa hiyo kipimo cha mimba kifanywe mapema, tena kwa sababu mbili: mtoto wa tumboni ni mrithi, na kugawa mirathi kabla hajazaliwa ni kugawa kwa kubahatisha. Arobaini haina uhusiano na eda, ingawa wapo wanaodhani ikisomwa hitima ya arobaini mambo yamekwisha.

Ndani ya eda hakuna posa ya wazi. Dokezo limeruhusiwa, ahadi ya siri imekatazwa. Yote mawili yako katika Qurani, Al-Baqara aya ya 235. Manukato na mapambo anaacha. Lakini kutoka mchana kwa haja, benki, mahakamani, shuleni kwa mtoto, hakukatazwi, na hapa ndipo wajane wengi hupoteza miezi minne ya thamani. Wanakaa ndani kabisa, na makaratasi yote yanashikwa na shemeji.

Mafungu 72

Sasa tufike penye moto. Mama mkwe husema ni kumbukumbu ya mwanawe, shemeji husema ni heshima ya ukoo, na mjane husema ni wivu. Wote wanasema kweli kidogo. Ila ukitoa kalamu ukapiga hesabu, utaona kitu ambacho hakuna aliyekitaja.

Warithi ni mke, mama, mtoto wa kiume na wa kike. Mke ana thumuni, moja ya nane, kwa sababu kuna watoto. Mama ana sudusi, moja ya sita. Baki ni ya watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Ukitafuta hesabu isiyo na sehemu unapata 72: mke 9, mama 12, kijana 34, binti 17. Mdogo wa marehemu, ambaye sauti yake ndiyo kubwa kuliko zote barazani, hana hata fungu moja. Mtoto wa kiume amemzuia. Na watoto kwa pamoja wana mafungu 51 kati ya 72.

Anayekaa na watoto ndiye aliye karibu na mafungu 51. Hili ndilo linalomtisha bibi anapomwona mwanamume mgeni anavua viatu mlangoni, hata kama hajawahi kulitamka. Na ndilo linalomvuta shemeji anaposema "watoto wa kaka wakae kwetu." Mapenzi ya mjane yanagombewa kwa sababu mali ya watoto haina pahali pake pa kukaa. Ipatie pahali, na nusu ya ugomvi huisha kabla ya mshenga kutia mguu.

Kabla ya kugawa kuna kutoa. Gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi theluthi. Mahari ambayo haikulipwa ni deni, na mjane ana haki ya kuidai kabla ya fungu lake la thumuni. Wengi huona haya kuidai. Pia mchango wake katika ujenzi: kama mabati yalinunuliwa kwa fedha ya kikoba chake, hiyo haikuwa mali ya marehemu peke yake, itengwe kwanza. Risiti za mabati, kumbukumbu za kikoba na miamala ya simu ndizo zitakazosema, si kumbukumbu ya mdomo mbele ya wakwe.

Njia ya makaratasi Tanzania Bara ni hii. Cheti cha kifo RITA. Kwa aliyefia nje kazini, nyaraka za jeshi ndizo zinazofungua mlango. Kikao cha familia na muhtasari uliosainiwa, unaotaja warithi wote na anayependekezwa kuwa msimamizi. Maombi Mahakama ya Mwanzo, matangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha barua ya usimamizi. Baada ya hapo msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, halafu hesabu ya mgawanyo, kwenye Fomu Na. 5 na Na. 6. Hatua hizi mbili za mwisho ndizo zinazosahaulika. Msimamizi akishapata barua huona kazi imekwisha, mali inabaki mikononi mwake, na miaka inapita.

Kinachokwamisha zaidi ni majina. Cheti cha ndoa kina "Juma", jeshini "Jumaa", benki wameandika jina la babu badala ya la baba. Kusanya nyaraka zote siku moja, zilinganishe herufi kwa herufi, na hati ya kiapo iandaliwe mara moja kwa tofauti zote.

Kisa hiki kilikosea kwenye kikao. Mdogo wa marehemu aliteuliwa msimamizi peke yake, "kwa kuwa shemeji yetu yuko edani." Ingekuwa bora wateuliwe wawili, mjane na mtu wa upande wa marehemu, na mafungu ya watoto yawekwe kwenye akaunti isiyotolewa hata shilingi bila sahihi zote mbili. Mama peke yake akishika, wakwe hawatalala. Shemeji peke yake akishika, mjane hataolewa kwa amani.

Fedha za jeshi na za Umoja wa Mataifa zina mlango wao. Umoja wa Mataifa hulipa fidia kwa askari wa kikosi anayefia kazini, na fedha hizo hupitia serikali ya nchi yake ndipo zifike kwa wanaostahili. Aliyefia chini ya SAMIDRC, kikosi cha SADC kilichopelekwa Desemba 2023, hakuwa chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo asipigiwe hesabu ya fidia hiyo. Kwa kila malipo mjane aulize maswali matatu, kwa maandishi, na majibu ayapate kwa maandishi: fedha hii inalipwa kwa mirathi ya marehemu au kwa wategemezi waliotajwa? Waliotajwa ni nani na kwa viwango gani? Nikiolewa tena, kuna sehemu itakayosimama? Swali la tatu liulizwe kabla ya barua ya posa kupokelewa. Nchi zenye majeshi makubwa zimelihangaikia jambo hili kwa miongo. Uingereza mjane wa vita anaendelea na pensheni yake maisha yote hata akiolewa au kuishi na mtu tangu tarehe 1 Aprili 2015 tu, na Marekani bado wanaangalia kama alikuwa ametimiza miaka 55 siku ya kuolewa.

Nyumba ya Makorora

Vyumba vitatu, jiko nje, plasta nusu. Mjane anaiita nyumba yake, na kwa miaka minane imekuwa yake kweli. Kwenye hesabu, tukiacha mchango wake wa mabati, ana mafungu 9 kati ya 72. Yaliyobaki 63 ni ya wengine. Kwa hiyo mume mpya asihamie humo. Kosa hili hufanywa na watu wazuri kabisa, kwa hoja ya kuokoa kodi, na hakuna jambo linalomuumiza mama wa marehemu kama kuona shati la mtu mwingine limeanikwa kwenye kamba aliyoifunga mwanawe.

Wapange kwingine, hata chumba na sebule. Nyumba ikodishwe. Kwa kodi ya shilingi 90,000 kwa mwezi, fungu moja ni 1,250: mjane 11,250, bibi 15,000, kijana 42,500, binti 21,250. Bibi akianza kupokea zake kila mwezi bila kuomba, sauti hushuka. Kama bibi mwenyewe anataka kukaa humo, akae, na makubaliano yaandikwe.

Watoto

Hapa sheria mbili zinakutana na lazima zote zijulikane. Katika fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, ya madhehebu ya Kishafii, mama akiolewa na mtu asiye ndugu wa watoto hupoteza haki ya kwanza ya kuwalea. Shemeji alilijua hilo na alilisema kwa sauti. Asilolijua ni kwamba haki hiyo haimwendei yeye, wala mama yake: anayefuata ni bibi mzaa mama. Aliposomewa, mazungumzo yalibadilika siku hiyohiyo. Mahakama za nchi, kwa upande wao, huangalia maslahi ya mtoto kwanza, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Binti wa miaka 5 yumo humo. Kijana wa miaka 9 ataulizwa.

Njia iliyofaa haikuwa ya mahakamani. Watoto wanakaa na mama. Kila likizo na Ijumaa moja kwa mwezi wako kwa bibi mzaa baba, naye hawahoji kuhusu mambo ya nyumba nyingine. Ubini haubadilishwi, shuleni wala kliniki. Mume mpya hawalazimishi kumwita baba. Kwa kuwa walimzoea kama rafiki wa baba yao, "baba mdogo" lilikuja lenyewe, na ni jina jema, limemweka mahali ambapo hampokonyi mtu nafasi.

Kijana atajaribu. Atavaa kofia ya baba mezani, atakataa kutumwa dukani, atauliza mbele ya wageni, "Wewe ulikuwa wapi baba alipopigwa?" Swali hilo baba mdogo ajiandae nalo mapema. Jibu la kweli na fupi linatosha: alikuwa umbali gani, alifanya nini, hakuweza nini.

Kuhusu "kurithiwa" na shemeji, ambako mabaraza mengine hukuona ndiyo suluhisho la kuweka watoto na mali pamoja: Qurani, An-Nisaa aya ya 19, imekataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kinasema, hata kama mila inasema vinginevyo, mjane yuko huru kukaa anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na yeyote amtakaye, eda ikisha kwa aliyeolewa Kiislamu. Shemeji akipenda kuposa, apose kama wengine, na akikataliwa, akubali.

Yule rafiki

Ana fadhila ambayo mwingine hana: hahitaji kuelezwa marehemu alikuwa nani. Ana pia mzigo ambao mwingine hana. Aliyerudi hai wakati mwenzake hakurudi mara nyingi huona anadaiwa. Akiposa ili kulipa deni hilo, ndoa itakuwa nzuri mwaka mmoja, kisha atachoka kulipa. Dalili za deni zinaonekana: anazungumza juu ya marehemu kuliko juu ya mwanamke aliye mbele yake, anataka kugharamia kila kitu, haraka ni yake peke yake, na ukimuuliza anapenda nini kwa mwanamke huyu anajibu "alimtunza sana rafiki yangu." Mshenga mzuri amuulize swali hilo uso kwa uso kabla hajakubali kazi. Upande wa mjane dalili hugeuka: anampenda kwa sababu ana harufu ya sare ileile. Kipimo rahisi ni kukaa miezi mitatu bila kumzungumzia marehemu kwenye simu. Kama kunabaki cha kusema, basi kipo.

Lipo pia swali la safari. Yeye bado ni askari na anaweza kupangwa tena Kongo. Mjane aseme waziwazi kama ataweza kuishi na hofu hiyo mara ya pili, na aseme kabla ya mahari. Jibu "siwezi" si kosa la mtu.

Posa na ndoa

Walii wa mjane, yaani anayemwozesha, ni baba yake, au babu mzaa baba, au kaka yake. Wakwe wa zamani hawana kauli katika uwalii, na mwanawe wa kiume si walii wake kwa Mashafii. Lakini mjane halazimishwi na walii wake, na ukimya wake hautoshi kama wa mwari: lazima aseme. Barua ya posa inakwenda kwao, si Makorora.

Hata hivyo mama wa marehemu asilisikie jambo hili sokoni. Aliyefaa kwenda ni mama mzazi wa mjane, peke yake, asubuhi, bila zawadi. Maneno yanatosha kuwa hivi: "Dada yangu, nimekuja wewe ujue kabla ya watu. Wajukuu ni wako. Mafungu yao yako benki, hii hapa karatasi." Kwenye kisa hiki aliyekwenda ni mshenga wa upande wa mwanamume, na zawadi ya khanga doti mbili. Khanga zilirudishwa jioni ileile, hazijafunguliwa.

Askari huomba kibali cha kuoa kwa mkuu wa kikosi, aanze mapema. Taarifa ya kusudio la kufunga ndoa hutolewa siku 21 kabla, na nakala ya cheti cha kifo cha mume wa kwanza iambatane nayo. Tarehe ya harusi isisogeleane na tarehe ya kifo, wala na ya kuzaliwa kwa marehemu. Picha ya sare iliyokuwa sebuleni ihamie chumba cha watoto, ining'inizwe na kijana mwenyewe. Hitima ya mwaka isomwe kwa bibi, mume mpya ahudhurie kama rafiki aliyekuwa kikosini na akae na wanaume wengine uani.

Laini ya simu ya marehemu imeachwa mwisho na isingefaa kuachwa. Salio la fedha kwenye simu ni mirathi na hudaiwa kwa cheti cha kifo na barua ya usimamizi, si kwa namba ya siri anayoijua mke. Laini isiyotumika hufungwa na kampuni, na simu yenyewe siku moja haitawaka. Ujumbe wa sauti unakiliwe mapema kwenye vihifadhi viwili tofauti, kimoja kwa bibi, kimoja kwa watoto. Kwenye simu ya kisa hiki ulikuwamo mmoja wa sekunde 40, kutoka Beni, Kivu Kaskazini, baba akimsahihisha binti namna ya kuhesabu kuanzia kumi na moja.